Kebo Ipimwe Majini: Mhadhara juu ya Kihami cha Nyaya za Roboti za Bahari

Waandaaji wameona kwamba kebo inastahili kupewa jioni nzima. Si kawaida. Kebo hulala imezungushwa kwenye winchi, watu wakaipita kama wanavyopita kamba ya kuanikia nguo, na hukumbukwa siku inapokufa.

Kusudi la mhadhara huu ni moja. Unataka kuonyesha kwamba kihami cha kebo ya roboti ya chini ya maji, yaani ile insulesheni inayotenga waya na bahari, hujulikana hali yake pale tu kinapopimwa katika mazingira yanayofanana na ya kazini: ndani ya maji ya chumvi, joto likijulikana, na namba zikiandikwa safari baada ya safari. Kipimo kimoja kilichochukuliwa juu ya sitaha kavu humpa fundi usingizi mzuri, lakini hakimpi habari anayoitaka.

Aprili 1966, nje ya kijiji cha Palomares kusini mwa Hispania, jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa likihangaikia bomu la haidrojeni. Ndege mbili za kijeshi zilikuwa zimegongana angani mwezi Januari, na bomu hilo likaangukia baharini, likalala kwenye mteremko, kina cha zaidi ya mita 850, limefunikwa na parachuti lake. Roboti iliyotumwa kulichukua iliitwa CURV. Ilinaswa ndani ya lile parachuti, na mwishowe roboti na bomu vikavutwa juu pamoja. Hakukuwa na mtu ndani ya CURV. Kilichoiunganisha na mabaharia ni kebo tu, na ndani ya kebo hiyo ulishuka umeme na amri, zikapanda picha.

Miaka 29 baadaye, Machi 1995, roboti ya Japani iitwayo Kaiko ilifika mita 10,911 chini ya Bahari ya Pasifiki, katika lile shimo refu kuliko yote. Mei 2003, kimbunga kikikaribia, kebo yake fupi ya chini ilikatika, na roboti haikupatikana tena. Hapo kihami hakikuwa na kosa, kebo ilikatika. Lakini tukio hilo linaonyesha kwa nini kebo hizi zinafanana na kiungamwana: chakula, habari na maisha yote ya kiumbe kilichoko gizani hupita mlango mmoja.

HOJA YA KWANZA: Volti nyingi hazikwepeki.

Msikilizaji anaweza kuuliza: kwa nini kuhangaika na kihami? Si roboti ipewe umeme mdogo usiodhuru, yakaisha?

Hesabu inajibu. Tuseme roboti kubwa ya kazi, ya aina inayofunga vali za visima vya mafuta na gesi, inahitaji kilowati 100. Ukiipelekea kwa volti 400, waya lazima ubebe ampea 250. Ukiipelekea kwa volti 3,000, ampea zinashuka hadi 33 hivi. Joto linalopotea ndani ya waya hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo waya uleule, kwa volti 400, ungepoteza umeme mara 56 zaidi. Njia pekee ya kuuokoa ingekuwa kuunenepesha. Na kebo nene haifai baharini. Mikondo ya maji huisukuma kama upepo usukumavyo tanga, na roboti ikabaki inapigana na kebo yake badala ya kufanya kazi.

Ndiyo maana roboti kubwa hutumia maelfu ya volti, na kati ya volti hizo na bahari kuna plastiki yenye unene wa milimita chache. Roboti ndogo za kukagua nguzo za gati au vizimba vya samaki hutumia mamia machache ya volti, na nyingine hubeba betri zao wenyewe. Hatari hupungua, lakini kebo iliyovuja haiachi kuwa kebo iliyovuja.

HOJA YA PILI: Maji hayana haraka, ila hayakati tamaa.

Kila mita 10 za kina huongeza shinikizo sawa na la hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Kwenye mita 3,000, kila sentimita ya mraba hubeba kilo 300 hivi. Mtu atazame ukucha wa kidole chake kidogo, kisha afikirie mifuko sita ya saruji imepangwa juu yake. Kwa nguvu hiyo maji hutafuta kila ufa, kila kiungio kilichofungwa vibaya, kila tundu lililochomwa na sindano ya waya uliochomoza.

Hata pasipo tundu, maji hupenya. Plastiki kama polithini haiyeyuki majini, lakini chembe za maji huingia ndani yake polepole mno, na umeme ukiwapo kwa miaka, hujichorea njia nyembamba zenye matawi. Watafiti wa Japani walizieleza mwishoni mwa miaka ya 1960, na njia hizo zikaitwa miti ya maji. Mti huota, hukua, na siku matawi yake yakivuka unene wa plastiki, kihami kimekwisha.

Pamoja na hayo, kebo hukunjwa kwenye kapi, husokotwa roboti inapozunguka, hukwaruzwa na matumbawe na kingo za chuma. Lakini mafundi wenye uzoefu hawaanzi kutafuta ubaya katikati ya kebo. Huanza mwishoni, kwenye kichwa chake, pale nyaya zinapoingia kwenye plagi au kwenye kisanduku kilichojazwa mafuta au epoksi.

Ukipasua kichwa kilichoharibika, hadithi yote iko wazi mbele yako. Epoksi imeachana na ganda la kebo kwa mstari mwembamba kama unywele. Ndani yake shaba, iliyopaswa kung'aa kama senti mpya, imegeuka kijani na kuacha unga kwenye vidole. Ukate sentimita kumi zaidi, bado kijani. Ukate mita nzima, bado. Maji yametembea katikati ya nyuzi za shaba kama mafuta ya taa yapandavyo utambi, na fundi aliyedhani atabadilisha plagi peke yake anajikuta akikata kebo kipande baada ya kipande hadi akutane na shaba nyekundu.

Kuna jambo moja hapa ambalo wanafunzi waliandike. Umeme wa roboti nyingi huendeshwa bila kufungwa ardhini: hakuna waya kati ya mzunguko wa umeme na chuma cha meli. Kwa hiyo kasoro ya kwanza ya kihami haizimi kitu. Roboti inaendelea kutembea, taa zinawaka, rubani anafurahi. Kasoro ya pili, ikitokea kwenye waya mwingine, ndiyo inayofunga njia, na hapo ndipo vitu huungua, au mzamiaji aliye karibu akapigwa na umeme. Mtu asiyepima kati ya ya kwanza na ya pili anaishi kwa bahati.

HOJA YA TATU: Ijulikane mega inapima nini.

Chombo cha kupimia kihami mafundi wengi hukiita mega, kwa jina la biashara la mashine zilizoanzia Uingereza, ambako kipimo cha kwanza cha kubebeka kilitolewa mwaka 1889. Za zamani zilikuwa na mpini wa kuzungusha. Za leo zina betri na kitufe. Kazi ni ileile: husukuma volti 500, 1,000 au zaidi kwenye waya, kisha hupima mkondo mdogo sana unaopenya kihami. Jibu husomwa kwa megaomu, yaani mamilioni ya omu, au kwa gigaomu.

Wengi hubonyeza, wakasoma namba ya kwanza, wakaondoka. Namba ya kwanza ndiyo ya kuaminiwa kidogo kuliko zote.

Chukueni mtungi mpya wa udongo, mkaujaze maji kwa mara ya kwanza. Kwanza maji yanaingia kwa wingi kwa sababu mtungi ni mtupu. Kisha, hata baada ya kujaa, kiwango kinashuka kidogo kidogo, kwa kuwa udongo wenyewe unakunywa. Baada ya muda udongo umeshiba, na kinachobaki ni jasho linalotoka nje ya mtungi. Anayetaka kujua kama mtungi unavuja lazima asubiri hadi kujaza na kunywa kuishe; akipima mapema, atauita mbovu mtungi mzima.

Kebo ni hivyohivyo. Mkondo wa kwanza unaijaza chaji kwa sababu kebo ndefu huhifadhi umeme. Wa pili hunyonywa na plastiki na kupungua taratibu. Wa tatu ndio uvujaji wenyewe, na ndio unaotafutwa. Kwa hiyo fundi husoma baada ya dakika 1, halafu tena baada ya dakika 10. Kihami chenye afya humwonyesha namba inayopanda. Namba ikikaa palepale, au ikiyumba huku na huku, huenda kuna unyevu au uchafu unaopitisha umeme, hata kama namba yenyewe inaonekana kubwa.

Kwa sababu hiyohiyo, kebo iliyopimwa haiguswi mara moja. Kebo ya mita 3,000 iliyojazwa volti elfu kadhaa ina chaji ya kumrusha mtu, na hata ukigusanisha ncha zake mara moja na kuziachia, volti hurudi, maana plastiki inarudisha ilichokunywa. Desturi nzuri ni kuigusanisha na ardhi kwa muda usiopungua mara nne ya muda wa kupima. Na kabla ya yote, ncha zote mbili zifunguliwe: kamera na kompyuta za roboti zikiachwa zimeungwa, volti 1,000 za mega zitazichoma kwa sekunde moja.

HOJA YA NNE: Kebo kavu haitoi ushahidi.

Hapa ndipo kiini cha mazungumzo ya leo, na wasikilizaji wavumilie kama yatarefuka.

Hewa kavu huhimili volti zipatazo 3,000 kwa kila milimita. Tuseme ganda la kebo lina tundu dogo la sindano, na chini yake waya umejificha milimita moja. Kebo iko sitahani, kavu. Fundi anaweka volti 1,000. Hewa iliyomo kwenye tundu inazihimili bila taabu, mega inaonyesha maelfu ya megaomu, na daftari linaandikwa "nzima". Saa moja baadaye kebo iko baharini, tundu limejaa maji ya chumvi, na umeme umepata mlango.

Dawa yake haina gharama kubwa. Kebo huzungushwa, hulowekwa ndani ya pipa, ncha zake zikiwa zimetoka nje na kufungwa juu zisilowe. Kipande cha chuma hutumbukizwa majini, na mega huungwa kati ya waya na chuma hicho. Sasa maji yenyewe ndiyo mkono wa pili wa kipimo. Popote penye tundu, yatapagusa.

Lakini maji gani? Maji ya bahari hupitisha umeme mara mamia zaidi ya maji ya Ziwa Victoria. Pipa la maji ya bomba linaweza kuificha kasoro ambayo bahari ingeifichua mara moja. Bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo pipa la lita 200 linahitaji kilo 7. Chumvi ya dukani inatosha kabisa. Kebo ikae usiku mzima au, vizuri zaidi, saa 24, ili maji yapate muda wa kufika yanakokwenda.

Kisha ncha. Asubuhi ya pwani yetu, hewa ikiwa nzito kwa unyevu, alama ya kidole chenye jasho kwenye ncha ya kebo yaweza kupitisha umeme mwingi kuliko kihami cha mita elfu nzima. Ncha zifutwe kwa spiriti, zikaushwe, na ile terminali ya tatu ya mega, ambayo wengi huiacha bila kujua kazi yake, izungushiwe waya juu ya plastiki karibu na ncha ili kuchepusha mkondo wa juujuu usihesabiwe.

Mwisho ni joto. Kwa kanuni ya mafundi, ukinzani wa kihami hupungua nusu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Kebo iliyosoma megaomu 400 kwa nyuzi 20 itasoma takriban 100 kwa nyuzi 40, na winchi iliyopigwa na jua la mchana hufika huko kwa urahisi. Haijaugua, imepata joto. Vivyo hivyo urefu: kilomita tatu za kebo zitasoma theluthi ya kilomita moja, kwa kuwa eneo la kuvujia limeongezeka mara tatu. Namba isiyoambatana na joto na urefu ni nusu ya habari.

Somo hili lilinunuliwa ghali. Kebo ya telegrafu ya mwaka 1858, kati ya Ireland na Newfoundland, ilifungwa kihami cha gutapacha, utomvu wa mti wa Asia. Sehemu yake ilikuwa imehifadhiwa nje, juani, utomvu ukalainika na waya ukahama kutoka katikati. Baada ya kulazwa baharini ilipitisha ujumbe wa Malkia Victoria wa maneno 98 kwa takriban saa 16. Mtaalamu wake wa umeme, Wildman Whitehouse, alipoona alama zinafifia, aliongeza nguvu hadi volti zipatazo 2,000. Kebo ilikufa baada ya wiki tatu hivi.

Waliokuja baada yake hawakurudia. Kebo ya mwaka 1865 ilipimwa kiwandani ikiwa ndani ya maji yenye joto la nyuzi 24 hivi, na ilipimwa mfululizo ikiwa inashushwa kutoka meli ya Great Eastern. Siku za mwanzo tu, kipimo kilishuka ghafla. Kebo ikavutwa nyuma kilomita kadhaa, na kasoro ikaonekana kwa macho: kipande cha waya wa chuma kilikuwa kimechoma kihami hadi kwenye shaba. Bila kile kipimo cha majini, kasoro hiyo ingelala chini ya Atlantiki. Kebo hiyo ilikatika baadaye, lakini mwaka uliofuata nyingine ikafika Newfoundland, na ile ya 1865 ikavuliwa kutoka sakafuni, ikaunganishwa, nayo ikafanya kazi.

HOJA YA TANO: Ukijua ipo kasoro, tafuta ilipo.

Hili ni fupi. Kuna chombo kinachotuma pigo la umeme na kungoja mwangwi wake. Pigo husafiri ndani ya kebo karibu mita 200 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, hivyo mwangwi unaorudi baada ya sehemu 8 unatoka mita 800. Ni kizuri kwa waya uliokatika au kugusana. Kwa uvujaji mdogo wa megaomu, hakioni kitu.

Hapo hurudiwa lile pipa. Kebo yote inakaushwa vizuri, kisha inapitishwa taratibu majini, mita kwa mita, mtu mmoja akivuta na mwingine akitazama mega. Mshale ukianguka, kasoro iko ndani ya pipa wakati huo. Inachosha, na ndiyo njia iliyowaokoa mafundi wengi.

HOJA YA SITA: Daftari.

Chukueni mfano wa kebo mbili. Ya kwanza imesoma, katika safari nne, megaomu 2,000, kisha 1,900, kisha 1,100, kisha 400. Ya pili imesoma 350 safari zote nne, joto na urefu vikiwa vilevile. Leo moja lazima ishuke. Ipi?

Wengi ukumbini wameitaja ya kwanza, maana 400 ni zaidi ya 350. Ya kushuka ni ya pili. Imetulia, na ikiwa iko juu ya kiwango cha mtengenezaji wake, hakuna sababu ya kuishuku. Ya kwanza inaporomoka. Maji yako njiani ndani yake, na hakuna ajuaye safari ya tano itasoma nini. Ni daftari peke yake linaloonyesha tofauti hiyo. Tarehe, joto, urefu, volti za kipimo, dakika ya kusoma, jina la aliyepima: mistari sita, dakika mbili za kuandika.

Roboti kubwa zina pia kifaa kinachopima kihami wakati umeme unapita, kikipiga kengele na kuzima umeme kiwango kikishuka. Kengele ikilia mara kwa mara, watu huanza kuishushia kiwango ili inyamaze. Yeyote aliye na mamlaka juu ya winchi azuie jambo hilo.

Tunakokwenda sasa. Kebo za baharini si wageni wa pwani hii: kebo ya telegrafu iliifikia Zanzibar mwaka 1879, ikitoka Aden kuelekea Msumbiji na Durban. SEACOM ilifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Mei 2024 hizo mbili zilipokatika nje ya pwani ya Afrika Kusini, benki, ofisi na simu za huku zilikwama. Kutengeneza kebo za namna hiyo mara nyingi huhitaji roboti. Utafutaji wa gesi kwenye kina kirefu cha bahari ya Tanzania umezihitaji, na mabwawa, bandari na mabomba ya maji ya maziwa yetu yatazihitaji zaidi.

Kwa hiyo kila chuo cha ufundi cha pwani na cha ziwani kinaweza kuanza kabla ya kupata roboti yoyote. Pipa, chumvi, kipimajoto, mega, kebo chakavu na daftari vinatosha kumfundisha kijana kazi hii hadi aimudu. Yale mengine, matangi ya shinikizo na nyuzi za kioo zinazojipima zenyewe, yatakuja na yatamkuta tayari.

Mheshimiwa Mwenyekiti, uani nyuma ya ukumbi huu kuna pipa la bluu. Ndani yake kebo ya mita 150 imelowa kwenye maji ya chumvi tangu jana jioni. Ina tundu moja la sindano, mahali ambapo wanafunzi walioko hapa hawajaambiwa. Jana, ikiwa kavu, ilisoma gigaomu 5. Mega iko mezani, daftari liko wazi, na kalamu imefungwa kwa uzi. Karibuni tukasome.